Barua ya wazi kwa viongozi wa Kaunti ya Kilifi: nauli ya watoto wenye saratani isitegemee baiskeli zetu

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kilifi, kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Kaunti, na kwa Waheshimiwa Wawakilishi Wadi katika Bunge la Kaunti,

Assalaam alaykum, na salamu za heshima kwa kila mmoja wenu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Malindi. Septemba iliyopita, mwezi ambao duniani kote hutengwa kwa ajili ya kuwakumbuka watoto wenye saratani, nilikuwa miongoni mwa watu walionyonga baiskeli kutoka Malindi hadi Mombasa, mwendo wa kilomita 120 hivi, ili kuchangisha fedha za kuwasaidia watoto hao na wazazi wao. Siwaandikii kuwaomba mchango wa msafara ujao. Ninawaandikia kwa sababu safari ile ilinifunza kwa mwili wangu jambo ambalo nilikuwa nikilijua kwa kusikia tu, kwamba mtoto wa Malindi mwenye saratani anaweza kupata daktari, akapata dawa, akapata hata bima, na bado akapoteza maisha kwa kukosa nauli. Na nauli hiyo, waheshimiwa, ni jukumu lenu kabla haijawa jukumu letu.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, giza likiwa halijaisha vizuri, nasi tukiwa watu wa kila namna: vijana wenye baiskeli nyepesi za mashindano, wachuuzi wa mkate na samaki wenye baiskeli nzito za chuma zilizozoea mizigo, wauguzi wawili, mama mmoja muuza mitumba, na sisi walimu. Kila mmoja alikuwa ametafuta watu wa kumwahidi kiasi fulani cha fedha kwa kila kilomita atakayoimaliza. Hadi Gede njia ilikuwa tulivu, na msitu wa Arabuko-Sokoke ukatupa ubaridi upande wa kulia. Tulipopita Matsangoni jua lilikuwa limepanda, na upepo wa kusi, ambao mwezi huo bado huvuma, ukatukabili usoni. Kwenye daraja la Kilifi wapo waliokuwa wameshashuka na kuzikokota baiskeli zao. Mimi nilipata pancha mbili kabla ya Vipingo, nikaachwa nyuma, na kando ya mashamba ya mkonge nilinyonga peke yangu kwa karibu saa nzima huku mapaja yakinitetemeka na malori yakinipita karibu kiasi cha kuniyumbisha. Tulifika Mombasa alasiri, tukapokewa kwa vigelegele, tukapewa maji na kuvishwa medali, na baiskeli zetu zikapakiwa kwenye lori kurudishwa Malindi.

Nilikuwa nimeketi chini ya mti, hata kusimama siwezi, mama mmoja aliyekuja kutulaki aliponiambia kwamba njia ile anaijua kuliko sisi sote. Binti yake ana saratani ya damu, nao wanatoka upande wa Marafa. Matibabu ya aina ya saratani ya damu inayowapata watoto zaidi huchukua miaka miwili hadi mitatu, na kwa sehemu kubwa ya muda huo mtoto hutakiwa hospitalini kila baada ya wiki chache. Usiku ule nilipiga hesabu. Mtoto wa Malindi mjini akiitwa Mombasa kila wiki 3, kwa mwaka atakwenda mara 17, na kwa kuwa kwenda na kurudi ni kilomita 240, atakuwa amesafiri zaidi ya kilomita 4,000. Sisi tulikwenda mara moja, upande mmoja, kwa hiari yetu. Yeye husafiri kwenye matatu iliyojaa, dawa zikimtapisha njiani, kinga ya mwili wake ikiwa imeshuka kiasi kwamba kikohozi cha abiria wa kando ni hatari kwake, na mama yake hukosa kibarua cha siku mbili au tatu, hulipia viti viwili, na hulala popote anapopata kujinyoosha. Anayetoka Marafa au Baricho huanza safari hiyo kwa bodaboda kabla hajaiona lami. Anayetoka Lamu huanza kwa boti hadi Mokowe, kisha hupita hapa kwetu akiwa bado hajafika nusu ya shida yake.

Kilichonipandisha kwenye baiskeli, hata hivyo, kilianza darasani kwangu. Nilikuwa na mwanafunzi wa Gredi ya 2, mtoto wa mvuvi, mwepesi wa hesabu na mwenye sauti nzuri ya kusoma. Siku moja alikuja shuleni shavu limevimba. Mimi nilidhani ni jino, wazazi wake walidhani hivyo, na katika kituo cha kwanza cha afya alichopelekwa walidhani hivyo pia, wakaling'oa jino na kumpa dawa za kuua viini. Baada ya siku chache uvimbe ulikuwa umekua maradufu, na meno ya jirani yakaanza kulegea. Ilipita zaidi ya mwezi, na vituo vitatu, kabla ya mtu yeyote kutaja Mombasa. Alipoanzishiwa dawa uvimbe ulinywea upesi mno, tukauona ukipungua siku hadi siku, tukamshukuru Mungu. Hatari ilikuwa imejificha hapo hapo, kwa sababu mtoto alionekana mzima, madeni ya nauli yalikuwa yameshafika dukani na kwa majirani, bahari ilikuwa imechafuka na baba hakuwa na cha kuuza, basi duru ya tatu ya dawa ikapita bila yeye kwenda, kisha ya nne. Hakuna aliyepiga simu kuuliza yuko wapi. Aliporudishwa hospitalini ugonjwa ulikuwa umerudi kwa nguvu, na dawa zilizomsaidia mwanzo hazikumsaidia tena. Tulimzika mwezi wa Ramadhani. Miezi baadaye, aliposikia kwamba nitanyonga baiskeli, baba yake alikuja nyumbani kwangu jioni na shilingi 200, akaniomba kwenye orodha ya waliochangia niandike jina la mwanawe, si lake.

Ugonjwa uliomchukua mtoto huyo, saratani ya tezi iitwayo limfoma ya Burkitt, si mgeni katika Afrika Mashariki, na elimu ya kuutambua ilianzia huku huku. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa akifanya kazi Uganda, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya aliokuwa akiuona kwa watoto. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, takriban maili 10,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama uvimbe huo unaonekana kwao. Walichorudi nacho ni picha ya ukanda wenye joto na mvua, ule ule ambao malaria haikomi, na utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba ugonjwa huu unahusiana na malaria ya mara kwa mara pamoja na virusi vya Epstein-Barr. Kwa hiyo mhudumu wa zahanati ya Magarini anayeletewa mtoto aliyevimba taya anastahili kufundishwa kuushuku ugonjwa huu pamoja na jino. Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kubwa kabisa, na wakati huo huo ni miongoni mwa zile zinazoitika dawa vizuri, kiasi kwamba mtoto aliyewahishwa na akamaliza duru zake ana matumaini makubwa ya kupona. Kwa ugonjwa wa namna hiyo, duru mbili zilizokosekana kwa ajili ya nauli ni muda mrefu sana.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000, tangu kuzaliwa hadi miaka 19, hupata saratani kila mwaka. Katika nchi zenye kipato kikubwa zaidi ya asilimia 80 kati yao hupona, ilhali katika nchi nyingi zenye kipato cha chini na cha kati wanaopona hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilizindua mpango wa kimataifa wa saratani ya watoto, wenye shabaha kwamba kufikia mwaka 2030 angalau asilimia 60 ya watoto hawa wawe wanapona. Miongoni mwa sababu zinazotajwa kwa vifo vinavyoweza kuepukika ni ugonjwa kutambuliwa kwa kuchelewa au kimakosa, huduma kuwa mbali, na matibabu kuachwa njiani. Maneno hayo ya mwisho huniuma, kwa kuwa husikika kana kwamba mzazi alikaa akaamua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wazazi ninaowafahamu mimi walikuwa wakiuza kuku, wakiuza simu, wakikopa kwa riba, mpaka fedha zikawaishia kabla dozi haijaisha.

Dawa zenyewe si jambo la ajabu tena. Mojawapo inayotumika sana kwa saratani ya damu, ya figo na ya tezi kwa watoto, vinkristini, ilitokana na ua lile dogo la rangi ya waridi au jeupe linaloota kandokando ya kuta zetu na kwenye nyua, ambalo asili yake ni Madagaska, Bukini ya wazee wetu. (Simshauri mtu yeyote achemshe majani yake, kwani mmea huo una sumu, na dawa hiyo hupimwa kwa makini na kudungwa mshipani na wenye ujuzi peke yao.) Imetumika duniani tangu miaka ya 1960. Baada ya zaidi ya miaka 60, kinachomtenga nayo mtoto wa Marafa ni kiti cha matatu.

Najua kuna watakaosema kwamba misafara ya hisani ipo ili kuziba mapengo kama haya, na watatoa mfano wa ng'ambo. Mfano huo naujua na ninauheshimu. Nchini Marekani, mwaka 1980, Billy Starr alianzisha katika jimbo la Massachusetts msafara wa baiskeli uitwao Pan-Mass Challenge, ukiwa na waendeshaji 36 hivi, wakakusanya dola 10,200 kwa ajili ya taasisi ya saratani ya Dana-Farber iliyoko Boston. Leo jumla ya michango ya msafara huo imepita dola bilioni 1. Lakini fedha zile huongezwa juu ya taasisi ambayo tayari imesimama, zikaendeleza utafiti na huduma zake. Zetu tuliziweka mahali ambapo hapakuwa na kitu. Zilizipatia familia chache nauli na chakula, na kabla ya mwaka kwisha zilikuwa zimekwisha, huku tarehe za kliniki zikiendelea kuja Januari, na Februari, na Machi. Matibabu yanayomdai mtoto kila wiki tatu hayawezi kutegemea watu wanaokusanyika mara moja kwa mwaka, hata wakiwa na moyo kiasi gani.

Wala si kweli kwamba bima inatosha. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo sote tunaiita SHA, imechukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya ya taifa, na kwa familia iliyojisajili na kulipa inagharamia matibabu ya saratani kwa kiwango kilichowekwa. Haimlipii mama kiti cha matatu, wala godoro la usiku ule anaosubiri zamu ya mwanawe kesho yake. Hapo ndipo inapoingia mamlaka yenu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na katika kifungu cha 53 inamtaja mtoto kwa jina, kwamba ana haki ya lishe, makao na huduma za afya, na kwamba maslahi yake ndiyo yazingatiwe kwanza. Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo limekabidhi kaunti vituo vya afya vya kaunti, uimarishaji wa afya ya msingi na huduma za magari ya wagonjwa. Kumfikisha mgonjwa kwenye tiba, kwa hiyo, ni kazi ambayo Katiba imeshawapa.

Ninachoomba kwanza ni fungu la fedha lenye jina lake katika bajeti ya kaunti, kwa ajili ya nauli na malazi ya mtoto mwenye saratani na mzazi mmoja, tangu siku anapopewa rufaa hadi daktari anapotamka kwamba matibabu yamekwisha. Lisiwe fungu la kuombwa kwa barua ya chifu na picha za kukabidhiana hundi. Hospitali ithibitishe tarehe ya kliniki, na siku mbili kabla yake nauli imfikie mzazi kwenye simu. Malazi yanaweza kuwa nyumba moja ya kawaida Mombasa, karibu na hospitali, yenye vitanda, jiko na maji safi, na gharama yake si lazima ibebwe na Kilifi peke yake, kwa kuwa Lamu na Tana River wana watoto wale wale na Jumuiya ya Kaunti za Pwani ipo tayari kama meza ya mazungumzo hayo. Tena pawe na muuguzi mmoja, mmoja tu, mwenye orodha ya watoto wote wa kaunti walio katika matibabu, ambaye kazi yake ni kupiga simu siku ile ile mtoto anapokosa kufika. Laiti simu hiyo ingepigwa kwa baba wa mwanafunzi wangu baada ya duru ya tatu.

Huenda mkaambiwa kwamba watoto hawa ni wachache ukilinganisha na wenye malaria au wenye utapiamlo. Ni kweli ni wachache, na kwa sababu hiyo hiyo gharama ya kuwasafirisha inabebeka, na orodha yao inaweza kushikwa na mtu mmoja mwenye daftari na simu.

Liko jambo jingine ambalo wauguzi tulionyonga nao walinieleza barabarani, nami sikuwa nalijua. Kabla ya kila duru ya dawa mtoto hupimwa damu, na chembe nyeupe zikiwa chini ya kiwango, duru huahirishwa ili asije akadhurika. Maana yake ni kwamba mama anaweza kukopa nauli, akasafiri kilomita 120, akapanga foleni tangu alfajiri, kisha akaambiwa arudi wiki ijayo. Kipimo hicho cha damu ni cha kawaida. Kikifanywa Malindi siku moja au mbili kabla, kwa mpango uliokubaliwa na madaktari wa Mombasa, na majibu yakatumwa kwa simu, familia itajua kama ipande gari au isubiri. Ninawasihi mlitazame hili kwa makini zaidi kuliko mengine yote niliyoandika, kwa sababu halihitaji jengo jipya wala sheria mpya, na litaokoa safari nyingi ambazo leo ni bure.

Pamoja na hilo, kila mtoto aliye katika matibabu apewe kadi ya kuonyesha katika kituo chochote cha afya, inayoeleza kwamba anatumia dawa za saratani na kwamba homa kwake ni dharura. Mtoto wa kawaida akiwa na homa Malindi hupimwa malaria na kurudishwa nyumbani na dawa. Mtoto ambaye chembe zake nyeupe zimeshuka anahitaji dawa za kuua bakteria kupitia mshipani bila kucheleweshwa, hata kabla ya majibu ya vipimo, na akiwekwa kwenye foleni hadi adhuhuri anaweza asiifikie jioni. Na wahudumu wa zahanati zetu, pamoja na wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba, wafundishwe dalili chache: mboni ya jicho inayong'aa nyeupe au jicho linaloanza makengeza, uvimbe tumboni unaoguswa mama anapomwogesha mtoto, uvimbe wa taya au tezi usiopungua, weupe wa ngozi na macho pamoja na homa isiyoisha, michubuko na kutokwa damu bila sababu, maumivu ya mifupa yanayomwamsha mtoto usiku. Sisi walimu tuko tayari kufundishwa pia, kwa maana watoto tunawaona kila siku na wakati mwingine tunayaona mabadiliko kabla ya mtu mwingine yeyote. Mimi niliuona uvimbe ule siku ya kwanza.

Kwa utaratibu wa sheria ya usimamizi wa fedha za umma, Waraka wa Mikakati ya Kifedha wa kaunti hufikishwa Bungeni kabla ya tarehe 28 Februari, makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Ninaomba fungu hili lionekane katika waraka huo kwa jina lake, na Idara ya Afya itoe majibu ya maandishi kabla ya hapo, yakisema ni lipi katika haya linakubalika, ni lipi halikubaliki, na kwa sababu gani. Ninaomba pia kwamba kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti kifanyike Malindi na Magarini, katika siku na saa ambazo wazazi wa watoto hawa wanaweza kuhudhuria, na kitangazwe wiki mbili kabla misikitini, makanisani na kwa wazee wa mitaa.

Nitafika kwenye kikao hicho pamoja na wale wauguzi wawili, na mama wa Marafa iwapo tarehe haitagongana na kliniki ya binti yake. Baba wa mwanafunzi wangu naye amekubali kuja kusema mwenyewe. Ameomba tu ajulishwe siku mapema, ili asiwe baharini.

Wenu mtiifu,

Mwalimu wa shule ya msingi,
Malindi